Hilux ya dizeli 2L imelala miaka chini ya mkaratusi, Njombe: nianzie wapi kabla ya kupiga stata?

#1 Mlangali
Wakuu, salaam.

Mjomba kanipa Hilux yake ya mwaka 1991, singo kebini, dizeli, injini 2L, inavuta tairi za nyuma tu. Iko kijijini huku Njombe, imelala chini ya mkaratusi tangu niko sekondari, na sasa mwanangu wa kwanza yuko sekondari. Tairi zimekaa kwenye rimu, nyasi zimeota kwenye bodi la nyuma. Chesisi nimeigonga kwa nyundo urefu wote, haina tundu. Dipstiki inaonyesha oili ipo, nyeusi, haina dalili ya maji. Radieta ina kutu tupu. Kwenye tenki kuna dizeli ya tangu enzi hizo, harufu yake inakaba koo.

Mjomba anasema aliipaki ikiwa inatembea vizuri. Jirani yake anasema ilifika pale ikiburutwa na trekta. Wote ni watu wazima ninaowaheshimu.

Fundi wa hapa anasema tununue betri, tumimine dizeli mpya, ikigoma tuivute na trekta gia ya tatu, itawaka tu. Nataka ibebe viazi na parachichi kutoka shambani mpaka lami. Wajuzi nisaidieni kabla sijaigusa.

#2 Kijana wa Gerezani
Betri, dizeli, stata. Hiyo 2.8 haifi mkuu. Kesho utaleta picha ukiwa barabarani.

#3 Nozeli Nne
Mkuu #2, 2L siyo 2.8. 2L ni cc 2446, yaani 2.4. Ya 2.8 ni 3L, cc 2779. Halafu kuna 5L, cc 2986. Naweka sawa mapema kwa sababu mwenye uzi akienda dukani akasema "2.8" atarudi Njombe na spea zisizoingia. Mlangali, soma herufi zilizochongwa kwenye bloku, usisome kadi wala usimsikilize aliyekupa gari. Hilux nyingi za miaka hiyo zimeshabadilishwa injini njiani.

#4 Mama Viazi
Usivute na trekta. Kaka yangu alikuwa na injini hiyohiyo Ilembula, ikalala alipohamia Songea. Wakaja vijana na trekta, kamba, kelele nyingi. Ilizunguka kidogo ikalia kraa, kimya. Pampu ya dizeli ilikuwa imeshika kutu, mkanda wa taimingi ukanyolewa meno, vali zikagonga pistoni. Silinda hedi peke yake ilizidi thamani ya gari lote. Mpaka leo liko palepale, kuku wanatagia kwenye kebini.

#5 Mzee wa Landrova
Kabla ya spana, jibu swali moja: ilipakiwa kwa nini? Gari la kazi la mkulima haliachwi chini ya mti likiwa zima. Ama lilichemsha, ama liligoma kuwaka, ama klachi iliisha, ama pesa za matairi zilikosekana. Kila sababu ina njia yake. Ukipata sababu umeokoa nusu ya gharama.

Na hiyo namba ya gari ikoje? Bado ni zile za TZ?

#6 Mlangali
Shikamoo mzee. Ndiyo, namba ni za TZ, bati lenyewe bado limefungwa kwa waya.

#7 Mzee wa Landrova
Marahaba. Basi haijasogea tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, tulipohamia namba hizi za T. Kila kilichotengenezwa kwa mpira kwenye hiyo gari kihesabu kimekufa: hosi za maji, mipira ya dizeli, mkanda, vikombe vya breki.

#8 Nozeli Nne
Naongeza kwenye #4, maana hapa ndipo watu wengi wanapoua injini nzima.

Pampu ya 2L haipati oili ya injini. Inalainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake. Dizeli ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo maji ya miaka yote hiyo yamejikusanya chini ya tenki, palepale bomba linapofyonza, na mengine yako kwenye chujio na ndani ya pampu. Nafasi kati ya vyuma vya ndani ya pampu ni ndogo mno, kutu kidogo tu inavikamatisha. Mkanda mmoja unazungusha kemshafti na pampu. Pampu ikigoma kuzunguka, mkanda ndio unaokufa, na kwenye injini hii mkanda ukifa vali na pistoni vinakutana.

Kwa hiyo fungua kava la mbele. Weka alama za rangi kwenye puli zote kabla ya kugusa chochote. Toa mkanda. Zungusha puli ya pampu taratibu kwa spana. Itakuwa inakaza na kuachia, hiyo ni springi yake, usiogope. Ikikaza jumla usilazimishe, ishushe iende kwenye benchi ya pampu.

Halafu toa hita plagi (zile za kupasha silinda joto kabla ya kuwasha) zote nne, zungusha krenki kwa mkono, spana kwenye bolti ya puli. Mkanda ukiwa umetoka usizungushe krenki ovyo, vali zilizobaki wazi zitagongwa. Vika mkanda mpya kwanza, kisha zungusha mizunguko miwili kamili ukihakiki alama. Usipige stata kabla ya hapo.

#9 Bwana Mbao
Mimina ATF (oili ya giaboksi ya otomatiki) kwenye kila silinda uache wiki. Ringi zinaachia zenyewe. Sisi huku Mafinga tumefufua mashine za kupasulia mbao kwa njia hiyo.

#10 Nozeli Nne
Sawa, lakini kiasi. Cc 2446 gawa kwa nne ni kama 611 kila silinda. Uwiano wa mgandamizo wa 2L ni kama 22 kwa 1, kwa hiyo pistoni ikifika juu inabaki nafasi ya cc 29 hivi, vijiko viwili vya chakula. Fundi akimimina nusu kikombe, akarudisha plagi, akapiga stata, mafuta hayabanwi: konrodi inapinda. Kijiko kimoja kinatosha, na stata ya kwanza ipigwe plagi zikiwa nje, kitambaa juu ya matundu, macho mbali.

#11 Pwani Raha
Mnamtisha bure. Yangu Tanga ilikaa miaka, nilibadilisha betri ikawaka bila hata hita. Hita nimezikata siku nyingi.

#12 Mama Viazi
Tanga joto, ndugu yangu. Njoo Njombe asubuhi ya mwezi wa saba uwashe dizeli bila hita, tutakupikia chai ukisubiri.

#13 Kitale254
Wadau, salamu kutoka Kitale. Huku kwetu pikapu ya shamba ni Pijo 504. Ingekuwa Pijo hungeuliza maswali haya yote, ungetafuta makanika mmoja mzee na waya. Ile gari ilishinda Safari Rally 1974 kwenye matope na hakuna aliyeshangaa.

#14 Mzee wa Landrova
1974 ni Joginder Singh na Mitsubishi Lancer, akarudia 1976. Peugeot 504 ilishinda 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, na 1978 na Jean-Pierre Nicolas. Gari nzuri sana, nakubaliana nawe, ila tumwache Mlangali na Hilux yake.

#15 Kitale254
Asante mzee kwa kurekebisha. Kwa 504 bado nasimama.

#16 Bwana Mbao
Kwa tenki: mimina mafuta ya taa lita tano, tikisa, mwaga. Halafu changanya kidogo kwenye dizeli mpya yasafishe pampu na nozeli.

#17 Nozeli Nne
Kuoshea tenki lililoshushwa, sawa. Kupitisha kwenye pampu, hapana. Mafuta ya taa hayalainishi kama dizeli, na pampu iliyolala ndiyo inayohitaji ulaini kuliko zote. Tumesahau uchakachuaji ulivyoua pampu na nozeli nchi hii mpaka EWURA, wadhibiti wa nishati, wakaanza kuweka vinasaba (alama ya kutambua yaliyochakachuliwa) kwenye mafuta mwaka 2010? Ukitaka kusafisha, weka dizeli safi na ubadilishe chujio mara mbili: la kwanza litabeba uchafu, la pili libaki.

#18 Mlangali
Wakuu, mrejesho. Nimefuata #8 hatua kwa hatua.

Kwenye boksi la chujio la hewa kulikuwa na kiota cha panya, kimejaa mpaka kwenye bomba la kuingizia hewa. Mkanda una nyufa kila jino. Pampu inazunguka, inakaza na kuachia kama ulivyosema Nozeli. Hita plagi moja ilikuwa ngumu, nikaipa mafuta na maji ya moto, nikaisubiri, ikatoka nzima. Kijiko kimoja cha ATF kila silinda, nikaiacha.

Tenki nimelishusha. Chini kulikuwa na maji na ute wa kahawia, unavutika. Nimeliosha, nimebadilisha mipira yote ya dizeli, chujio jipya, mkanda mpya na bearing yake ya kukazia.

Injini imezunguka kwa mkono. Nikapampu ile pampu ya mkono juu ya chujio mpaka ikawa ngumu, nikalegeza nati za nozeli, nikapiga stata: hakuna dizeli iliyofika kwenye nozeli, hakuna moshi hata kidogo.

#19 Nozeli Nne
Kazi nzuri sana mkuu. Hakuna moshi maana yake hakuna dizeli inayoingia. Washa swichi, sikiliza pampu. Kuna solenoidi (vali ya umeme) ya kukata mafuta juu yake, inatakiwa ilie "tik". Isipolia, pima waya wake, unatakiwa kuwa na volti 12. Wenye kiota hawakuishia kwenye chujio.

#20 Kijana wa Gerezani
Au upepo. 2L ikivuta upepo hata tundu la sindano linatosha. Funga mpira wa plastiki unaoonyesha ndani kati ya chujio na pampu, utaona mapovu.

#21 Mlangali
Waya wa solenoidi ulikuwa umetafunwa ndani ya soketi, kwa nje haukuonekana. Nimeunga, inalia tik. Sasa dizeli inafika nozeli zote nne.

Ikipigwa stata inatoa moshi mweupe mwingi kwenye ekzosi, inakohoa mara moja moja, haishiki. Asubuhi hapa baridi kali.

#22 Mama Viazi
Moshi mweupe ni dizeli inayotoka bila kuungua. Hita! Usiangalie taa ya dashibodi, ile inazimika kwa saa yake hata kama rilei haipeleki umeme. Pima volti kwenye kile kibati kinachounganisha plagi nne.

#23 Pwani Raha
Pampu iko nje ya taimingi jino moja. Dalili ni hizohizo. Mafuta yakiingia yamechelewa yanatoka meupe.

#24 Bwana Mbao
Kompresheni imekufa. Ringi zimeganda kwenye pistoni, vali zimeota kutu kwenye viti vyake. Hakuna hita itakayosaidia kama hewa inavuja. Dizeli haina cheche, inawashwa na joto la hewa iliyobanwa, basi.

#25 Kijana wa Gerezani
Nozeli zimekwama wazi, zinakojoa badala ya kunyunyiza. Zitoe, zipelekwe benchi Makambako au Mbeya. Mkipoteza muda kwenye hita mtarudi hapahapa.

#26 Mzee wa Landrova
Na mimi narudi kwenye jirani na trekta. Kama ilichemsha na kuburutwa, silinda hedi inaweza kuwa na ufa kati ya vali. Hedi za injini hizi zikichemshwa zinajulikana kwa hilo. Maji yakiingia kidogo kwenye silinda nayo yanatoa mweupe. Nusa moshi: ukichoma macho na kunuka dizeli ni dizeli, ukiwa mvuke usio na harufu anza kuwaza hedi.

#27 Shamba Letu
Nunua ile dawa ya kopo ya kupuliza kwenye mdomo wa hewa. Au kitambaa chenye petroli. Itawaka sekunde hiyohiyo, kijijini kwetu ndivyo tunavyofanya.

#28 Nozeli Nne
Tafadhali sana, usifanye hivyo hita zikiwa na moto. Ile dawa inawaka kabla pistoni haijafika juu, pistoni inasukumwa kurudi chini wakati krenki inaipandisha. Ringi zinavunjika, pistoni zinapasuka, na gari ikiwaka kila mtu anashangilia, uharibifu mnaugundua baada ya mwezi. Injini ikizoea dawa huwa ni kwa sababu ringi zimeshakwisha.

#29 Shamba Letu
Mbona yetu inatembea mpaka leo?

#30 Mama Viazi
Na kila asubuhi mnaipulizia?

#31 Shamba Letu
Ndiyo.

#32 Mlangali
Vipimo wakuu. Kibati cha hita kinapata umeme, ila nikipima plagi moja moja, mbili zimekufa kabisa. Moshi unachoma macho, unanuka dizeli.

Stata inazungusha polepole japo betri ni mpya. Betri ikiwa imetulia ni 12.6, nikipiga stata inashuka hadi 9 na kidogo.

#33 Nozeli Nne
Kasi! Dizeli inayozungushwa polepole hewa yake inapoa na kuvuja kabla haijafikia joto la kuwasha. Ukiwa na msaidizi, pima volti kati ya ncha hasi ya betri na bloku wakati stata inapigwa. Ikizidi nusu volti, waya wa ethi umeoza ndani. Fungua na stata yenyewe, uangalie vile vipande viwili vya shaba ndani ya solenoidi yake, kwenye stata hizi vinalika upande mmoja.

Kuhusu hita: kuna za volti 6 na kuna za volti 12 kutegemea mfumo. Ukiweka za 6 kwenye mfumo wa 12 zinaungua mara moja, ukiweka za 12 kwenye mfumo wa 6 hazipati moto wa kutosha. Soma kwenye shingo ya plagi ya zamani, nunua hiyohiyo, zote nne.

#34 Pwani Raha
Bado nasema taimingi. Ethi haitoi moshi mweupe.

#35 Bwana Mbao
Na mimi bado nasema kompresheni. Kakope geji.

#36 Kodi Kwanza
Wakati mnabishana: namba za TZ, ikiwaka ataendaje barabarani? Atahitaji usajili mpya TRA, na mjomba aandike mauziano au zawadi ili jina libadilike. Ile ada ya leseni ya gari ya kila mwaka isikutishe, ilifutwa kwenye bajeti ya 2017/18 ikahamishiwa kwenye mafuta, shilingi 40 kwa lita. Nenda na kadi halisi wakati mjomba yuko hai na anaweza kusaini. Mambo ya mirathi ni marefu kuliko injini yoyote.

#37 Kijana wa Gerezani
Hili la #36 ni zito. Fanya hilo wiki hii.

#38 Mlangali
Asante, mjomba kakubali, kadi anayo.

Waya wa ethi: 1.4 kati ya betri na bloku. Nimeweka mpya mnene, na mwingine kutoka bloku hadi chesisi. Hita nne mpya. Stata inazunguka kwa kasi sasa. Imewaka! Moshi ulijaa uwanja mzima, ikatetemeka, kama inatumia silinda tatu, ikapanda kidogo halafu ikajizima. Nikawasha tena, ikajizima vilevile. Nikipampu ile pampu ya mkono mfululizo inaendelea kuunguruma, nikiacha inakufa.

#39 Kijana wa Gerezani
Upepo! Niliandika #20. Inavuta upepo mahali, ukipampu unaisaidia.

#40 Nozeli Nne
Au pampu ndogo iliyo ndani ya pampu kubwa, ile ya kufyonza, imelika na kutu. Au kichujio kwenye mdomo wa bomba ndani ya tenki kimezibwa na ule ute. Kutenganisha: chukua dumu la dizeli safi, liweke juu kuliko injini, mpira mmoja moja kwa moja hadi pampu. Ikitembea bila kuzimika tatizo liko nyuma, kwenye tenki na mabomba. Ikizima tena, pampu.

#41 Pwani Raha
Na silinda ya nne?

#42 Bwana Mbao
Kompresheni.

#43 Kijana wa Gerezani
Nozeli.

#44 Mzee wa Landrova
Inaweza kuwa vali iliyoshikwa na kutu na itaachia ikipata moto. Ipe nusu saa ikiunguruma kwa dumu kabla ya kufungua hedi. Lakini maji yazunguke. Radieta yenye kutu tupu haijasafishwa mpaka sasa, sijasikia ukiitaja tangu #1. Ukiipasha moto injini hiyo bila maji kuzunguka, jirani wa trekta atakuwa amesema kweli kwa mara ya pili.

#45 Mama Viazi
Mimi nauliza breki. Vikombe vya silinda za magurudumu, hosi tatu za mpira, masta silinda. Kutoka hapo mpaka lami ni mteremko, na wewe unapanga magunia ya viazi. Usiisogeze hata mita kumi kabla hujafungua ngoma zote za nyuma.

#46 Mlangali
Radieta naishusha kesho ioshwe, na hosi nabadilisha zote. Ngoma za nyuma hazitoki, nimezipiga nyundo, zimeshikana na viatu. Kuna njia?

#47 Nozeli Nne
Kwenye uso wa ngoma kuna matundu mawili yenye nyuzi. Ingiza bolti mbili zinazolingana, zikaze kwa zamu kidogo kidogo, zitaisukuma nje. Kwanza legeza kirekebishi cha breki kupitia tundu la nyuma. Na achia handbreki.

#48 Mlangali
Handbreki ilikuwa juu. Naenda na dumu.